Hema Linalorudi Kila Mwaka

Toleo hili linahusu jambo ambalo maofisa wa mipango miji, waandaaji wa matamasha na watunzaji wa majengo ya kale hulivutania kila msimu: hema, jukwaa au banda linalosimamishwa kwa wiki chache katika eneo la urithi lipewe masharti gani? Wengi hujibu upesi kwamba masharti yawe mepesi, kwa kuwa kitu cha wiki mbili hakiwezi kulinganishwa na jengo la miaka hamsini. Jibu hilo lina sura ya busara, lakini sisi hatulikubali. Tunaamini kwamba siku zilizoandikwa kwenye kibali si kipimo cha madhara. Kinachopaswa kupimwa ni mambo matatu: kile kinachotendeka ardhini wakati wa kujenga na kubomoa, mara ngapi kitu hicho kinarudi mahali pale pale, na kile kinachobaki baada ya lori la mwisho kuondoka. Mamlaka inayopima hayo ina haki ya kuweka masharti makali hata kwa banda la siku kumi, na ina haki pia ya kulegeza pale ambapo pana sababu ya kulegeza.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni Alton Towers, katika jimbo la Staffordshire huko Uingereza. Umma unaijua kama bustani ya burudani yenye treni za kupindua watu kichwa chini miguu juu, lakini mahali hapo palikuwa makazi ya ukoo wa Talbot, wenye cheo cha Earl wa Shrewsbury. Mwanzoni mwa karne ya 19, Earl wa 15, Charles Talbot, aligeuza bonde la miamba kuwa bustani ya chemchemi, nyumba za vioo na ngazi za mawe. Mrithi wake, John Talbot, aliiendeleza kazi hiyo na kumwajiri Augustus Pugin, msanifu yule yule aliyebuni mapambo ya ndani ya jengo la Bunge jijini London. Mali hiyo iliuzwa mwaka 1924. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi liliitumia kufundishia maofisa wake, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 nyumba ilivuliwa mbao na madini ya risasi, ikabaki gofu. Bustani ya burudani ya kisasa ilizaliwa mwaka 1980, ilipofunguliwa treni iitwayo Corkscrew. Leo gofu hilo limeorodheshwa katika daraja la pili lenye nyota, na bustani zake zimo katika daraja la kwanza la rejesta ya bustani za kihistoria za nchi hiyo. Kwa hiyo eneo moja linabeba mizigo miwili: biashara inayohitaji kitu kipya kila mwaka, na urithi usiovumilia mabadiliko ya ovyo.

Wanaodai kwamba masharti huua biashara watazame kwanza historia ya bustani hiyo yenyewe. Kwa miaka mingi mamlaka ya mipango imekataa mashine za michezo zinyanyuke juu ya vilele vya miti, ili mwonekano wa bonde na wa gofu usiharibiwe. Wabunifu waliopewa sharti hilo hawakufunga virago. Treni ya Nemesis, iliyofunguliwa mwaka 1994, ilitengenezewa shimo lililopasuliwa kwenye mwamba, ikapita chini ya usawa wa ardhi badala ya kupaa angani, na hadi leo inahesabiwa miongoni mwa kazi bora za aina yake duniani. Oblivion ya mwaka 1998 nayo hutumbukia ardhini. Majengo haya ya kudumu yalipata ubora wake kwa sababu kulikuwa na mtu aliyesema hapana, akaeleza sababu, kisha akabaki mezani kujadiliana. Jambo la kushangaza ni kwamba nidhamu hiyo hulegea mara tu ombi linapokuwa na neno "muda". Alton Towers huwa na tamasha la vitisho kila Oktoba tangu mwaka 2007, na maonyesho ya fataki kila Novemba. Matukio ya namna hiyo, popote yanapofanyika, huhitaji mabanda ya giza, majukwaa, minara ya taa, spika, jenereta, vyoo na njia za kupangia foleni. Kila kimoja kikitajwa peke yake huonekana kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Sheria ya England yenyewe imejaa milango ya ulegevu wa namna hii. Ardhi ya kawaida inaweza kutumiwa kwa shughuli ya muda kwa siku 28 kwa mwaka bila ombi kamili la kibali, na wakati wa janga la UVIKO-19 siku hizo ziliongezwa maradufu. Haki hiyo haigusi kiwanja kinachozunguka jengo, na hapo watunga sheria walifanya vyema. Lakini katika eneo lenye mamia ya ekari, mahali kiwanja cha jengo kinapokoma na uwanja wa kawaida unapoanzia huwa ni ubishi wa mawakili. Mwongozo mzuri uliwahi kutolewa na mahakama. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la hoteli ya Grim's Dyke, kaskazini-magharibi mwa London, iliyomo katika nyumba iliyoorodheshwa na kusanifiwa na Richard Norman Shaw. Hoteli ilikuwa ikisimamisha hema la sherehe kila Februari na kuliondoa kila Oktoba. Hema hilo lilikuwa na urefu wa mita 40, upana wa mita 17 na kimo cha mita 5. Hoja kwamba ni kitu cha kupita haikufua dafu. Mahakama ilikubali kwamba ukubwa wake, namna lilivyoshikizwa ardhini na miezi liliyosimama vilitosha kulifanya jengo linalohitaji kibali, ingawa lilikunjwa kila mwaka. Tunaona kwamba hukumu hiyo iligusa kiini cha jambo. Macho ya mgeni anayefika mwezi wa Juni hayaoni nyasi zitakazorudi Novemba. Yanaona turubai mbele ya nyumba ya kale, na atakayefika mwaka ujao ataliona lile lile.

Utetezi wa kwanza wa waandaaji ni kwamba kila kitu hufunguliwa na ardhi hurudi kama ilivyokuwa. Hebu tushuke tuitazame ardhi yenyewe. Vigingi vya chuma vya hema kubwa huweza kupigwa hadi karibu mita moja chini. Katika bustani ya miaka mia mbili, mita hiyo moja ndiyo yenye mifereji ya zamani ya chemchemi, misingi ya kuta zilizobomolewa na mabaki ambayo wanaakiolojia hawajayafikia. Kigingi kikishapita hapo, kuking'oa hakuponyi kitu. Mwandaaji makini ataacha vigingi na kutumia vizito vya zege au matangi ya maji, lakini uzito huo nao, pamoja na magurudumu ya lori lililouleta, hushindilia udongo uliolowa mvua ya vuli. Udongo ulioshindiliwa hupoteza vijia vya hewa na maji, na mizizi ya mti mkubwa huanza kukosa pumzi. Wataalamu wa miti nchini Uingereza hupima eneo la mizizi linalopaswa kulindwa kwa kuzidisha kipenyo cha shina mara 12. Kwa hiyo mti wenye shina la sentimita 80 unahitaji duara linalofika mita 9.6 kila upande, lisikanyagwe na gari wala kuwekewa jenereta. Mti hauanguki wiki ile ya tamasha. Hukauka matawi ya juu miaka kadhaa baadaye, wakati ambapo hakuna tena anayelikumbuka hema.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi na unastahili jibu la haki: gofu halijitunzi, na fedha za kulitunza hutoka kwa watu wanaolipa kiingilio. Ni kweli. Historia ya Alton Towers inaonyesha kinachoweza kuipata nyumba isiyo na kazi, kwani mikono iliyoivua mbao na risasi haikuwa ya waandaaji wa matamasha. Ni kweli pia kwamba mwaka 2000 bustani ilifungua onyesho la Hex ndani ya sehemu ya gofu lenyewe, ikathibitisha kwamba burudani na kuta za kale zinaweza kuishi pamoja. Lakini hoja ya fedha ina nguvu pale tu fedha zinapoonekana zikifika kwenye mawe. Mwendeshaji akiomba kusimamisha mabanda kwa sababu mapato yanahifadhi urithi, basi sharti la kibali liseme ni sehemu gani ya mapato hayo itakwenda kwenye ukuta gani, na mwaka ufuatao aonyeshe kazi iliyofanyika. Bila hivyo urithi unageuzwa mandhari ya kuuzia tiketi, huku ukibeba hatari zote na kukosa faida yoyote.

Wapo watakaosema kwamba mahali hapo pamekwisha kugeuzwa uwanja wa michezo, hivyo banda moja zaidi halidhuru. Wengine huongeza kwamba sherehe zenyewe ni sehemu ya urithi wa eneo, kwa kuwa hata katika miaka ya 1890 bustani hizo zilifanyiwa sherehe kubwa zenye fataki na wanasarakasi. Hoja hii ya mwisho tunaikubali kwa moyo mweupe. Bustani iliyotengenezwa ili watu wafurahi haiheshimiwi kwa kufungiwa, na wakazi wa mijini wana haki ya kwenda kucheka na kupiga kelele kidogo. Hata hivyo, furaha ya mgeni haimwondolei jirani haki yake. Katika miaka ya 2000 majirani wa bustani hiyo walilazimika kupeleka suala la kelele mahakamani, na mahakama ikaweka mipaka ya sauti. Kuhusu hoja kwamba pamekwisha kuharibika, ikikubaliwa mara moja itakubaliwa daima, maana kila kibali kitatumika kama ushahidi wa kutoa kingine. Ndiyo maana banda jipya lipimwe kwa jumla ya yote yaliyopo na yaliyotangulia, lisipimwe peke yake.

Unabaki utetezi wa urasimu. Ombi la kibali huchukua wiki nyingi, wakati tamasha hupangwa kwa kasi ya soko. Malalamiko haya yana msingi, na dawa yake ni kupanga mapema. Tunapendekeza kibali kimoja cha miaka mitano kwa eneo zima, kilichoambatanishwa na ramani. Ramani hiyo ionyeshe sehemu ambazo hema laweza kusimama kwa taarifa fupi tu, sehemu zinazohitaji mtaalamu wa miti au wa akiolojia awepo, na sehemu ambazo haziguswi kabisa. Siku zihesabiwe tangu lori la kwanza kuingia hadi ardhi inapokaguliwa na kupokelewa, wala si siku za maonyesho peke yake. Mwandaaji aweke amana ya ukarabati, na picha za kabla na baada ziwekwe mahali umma unapoweza kuziona. Baada ya kila tukio, sehemu iliyotumika ipumzishwe kwa muda uliokubaliwa. Mwenye biashara atapata uhakika anaoutaka, na ofisa wa mipango ataacha kuzima moto kila Septemba.

Msomaji wa pwani yetu ataona kwamba jambo hili halikomei Staffordshire. Ngome Kongwe ya Zanzibar, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, imekuwa jukwaa kuu la Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004, nayo imo ndani ya Mji Mkongwe ulioandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tamasha hilo limeupa mji heshima na riziki, na hakuna anayependa kulipoteza. Lakini kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazivumilii kutobolewa ili kushikiza nyaya, wala kuzibwa kwa saruji baada ya wageni kuondoka. Jirani yake, jumba la Beit al-Ajaib la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Haikuporomoshwa na muziki wala mahema, lakini imetufundisha kwamba majengo haya huchoka kimyakimya kabla ya kuanguka, na kila mzigo unaoongezwa unapaswa kuandikwa mahali. Ramani, amana na ukaguzi tunavyopendekeza havihitaji Zanzibar iwe na utajiri wa Uingereza. Vinahitaji daftari, mkaguzi mwenye mamlaka na ratiba inayojulikana.

Makala za toleo hili zinatofautiana kuhusu ukali wa masharti, na tumeziacha zitofautiane. Tunachowaomba wenye mamlaka ni jambo moja lililo ndani ya uwezo wao mwaka huu huu: wasitoe tena kibali cha muda katika eneo la urithi kwa kutazama tarehe za mwanzo na mwisho peke yake. Wamtake mwombaji aeleze mara ngapi amewahi kujenga hapo, ni nini kilichobaki kila alipoondoka, na nani atakayelipa iwapo ardhi haitapona. Mwandaaji anayependa mahali anapofanyia kazi atakuwa na majibu. Asiye nayo asubiri hadi ayapate.