Kodi Irudi Nyumbani: Ilani ya Wapangaji wa Nyumba za Kaunti, Nairobi

Sisi wapangaji wa nyumba za kaunti jijini Nairobi, wa Kaloleni, Ziwani, Bahati, Shauri Moyo, Jericho na mitaa mingine ya Eastlands, leo tunaanzisha harakati yenye dai moja kuu: kodi tunayolipa irudi kwenye nyumba tunazoishi.

Nyumba hizi ni mali ya umma. Halmashauri ya jiji ilizijenga enzi za ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru. Nyingi ni za chumba kimoja, choo na bomba vikiwa nje kwa matumizi ya wote, kwa sababu mkoloni alimtaka Mwafrika wa mjini awe kibarua asiye na mke wala mtoto. Kaloleni ya miaka ya 1940 ilipangwa kwa nia njema zaidi: nyumba za familia, viwanja vya nyasi, na ukumbi wa jamii ambamo siasa za uhuru zilisikika. Mwaka 2013 serikali ya kaunti iliporithi nyumba hizi ilirithi pia wajibu wa kuzitunza. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa na usafi wa kiwango cha kuridhisha. Paa linalovuja na majitaka yanayopita mlangoni havitimizi masharti hayo.

Tatizo letu linaanzia kwenye njia ya pesa. Kodi ikishalipwa inaingia katika mfuko mkuu wa mapato ya kaunti, pamoja na ada za maegesho na leseni za biashara. Humo haina jina tena. Bajeti inapogawanywa, bomba la Bahati linashindania shilingi ileile na mishahara, madeni na barabara, na bomba halina wa kulitetea. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inatoa njia: kifungu cha 116 kinairuhusu kaunti kuunda mfuko maalumu kwa idhini ya bunge lake. Tunadai mfuko wa matengenezo ya nyumba, wenye wawakilishi wa wapangaji katika kamati yake, na hesabu zake zibandikwe ukutani katika ukumbi wa kila mtaa.

Tutaambiwa kodi yenyewe ni ndogo, haitoshi hata rangi. Ni kweli ni ndogo, ukilinganisha na ya landilodi wa jirani. Basi na tukae tupige hesabu pamoja. Tuko tayari kuzungumzia nyongeza, ila nyongeza ifuate ukarabati, isiutangulie. Mama aliyekinga ndoo chini ya paa misimu yote ya masika hawezi kuombwa alipie ahadi.

Na tuseme lililo gumu kwetu wenyewe. Wako wenye jina kwenye rejista waliokwisha kuhama kitambo, wakaipangisha nyumba ya umma kwa bei ya soko. Kaunti inapata kodi ndogo, mkaaji analipa kubwa, na faida yote inabaki kwa mtu wa kati. Harakati hii haitamkinga mtu wa namna hiyo, awe jamaa yetu au mkubwa wa siasa. Rejista ifunguliwe, kila mlango uhakikiwe, na anayeishi humo kwa kweli atambuliwe kuwa ndiye mpangaji. Vivyo hivyo kwa vyumba vya mabati vilivyoongezwa uani: baadhi vimekalia mifereji ya majitaka, na mfereji ukiziba fundi hana pa kuchimba. Vitakavyolazimika kuondolewa viondolewe baada ya wakaaji kuhesabiwa na kupewa pa kwenda, si kwa tingatinga la alfajiri.

Hatupingi ghorofa mpya mahali pa nyumba hizi. Jiji limekua, na ardhi iliyobeba nyumba chache inaweza kubeba nyingi. Ila tumejifunza kutoka Magomeni Kota, Dar es Salaam, ambako familia 644 ziliondolewa katika nyumba za manispaa, nyumba zikabomolewa, na ghorofa mpya hazikuzinduliwa hadi Machi 2022. Walirudi, na tunafurahi kwa ajili yao. Lakini muongo mzima wa kungoja ni utoto wote wa mtoto. Kwa hiyo hapa kwetu hatuhami bila mkataba ulioandikwa na kutiwa saini, unaotaja nyumba atakayorudia kila mpangaji, gharama yake, na tarehe ya kurudi. Sehemu ya nyumba hizo mpya ibaki ya kupangisha daima. Mchuuzi wa soko la Gikomba asiye na hati ya mshahara hatapata mkopo wa kununua, ilhali ni mtu wa jiji hili kama mwingine yeyote.

Sheria haiko mbali nasi. Mwaka 2013, katika kesi ya wapangaji wa Muthurwa, hapa Nairobi, waliokuwa katika nyumba za reli, Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa katika jaribio la kuwaondoa. Walishinda kwa sababu walisimama pamoja.

Ndugu mpangaji, jiandikishe kwa mwakilishi wa safu yako ya nyumba. Lete nakala ya mkataba wako na risiti zako za kodi, na orodha ya kila kilichoharibika nyumbani kwako. Orodha hizo ndizo tutakazoziwasilisha kwenye bunge la kaunti kabla ya bajeti ijayo kusomwa.