Masasisho ya usalama yasitufungie milango ya huduma za umma



Nawasilisha malalamiko ya watu wengi wanaofanya kazi ya saiba, yaani vibanda vya kompyuta na intaneti, katika miji midogo ya barabarani. Serikali imehamishia huduma zake kwenye intaneti, nasi tumeitikia wito. Lakini kompyuta tulizo nazo zinaachwa nyuma na kampuni za programu moja baada ya nyingine, na ofisi za umma zenye tovuti hizo hazituambii lolote hadi siku ukurasa unapokataa kufunguka.

Saiba yangu iko Salgaa, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Wakenya wengi wanaujua mji huu kwa habari za ajali. Sisi tunaoishi hapa tunaujua kama kituo cha madereva wa malori yanayotoka Mombasa kuelekea Malaba na Kampala. Hapa dereva huegesha, hula, hulala, na kabla ya kuondoka hushughulikia stakabadhi zake: kuomba leseni mpya, cheti cha tabia njema, ritani ya kodi. Wakulima wa Rongai nao huja, pamoja na wanafunzi wanaoomba mkopo wa masomo wa HELB au kuchagua kozi za chuo kupitia KUCCPS. Simu wanazo. Ila kuskani cheti, kujaza fomu ndefu na kuchapisha nakala ni kazi inayotaka kompyuta, na ndiyo sababu wanatujia.

Kompyuta zenyewe nyingi ni za mitumba, zilizotumika katika ofisi za ng’ambo kabla ya kufika kwetu. Ni mashine nzima, zinazowaka kila asubuhi na kufanya kazi hadi usiku. Lakini Januari 14, 2020 Microsoft iliacha kuipa Windows 7 masasisho ya usalama. Mapema mwaka 2023 Google nayo ikafuata: toleo la 109 la kivinjari cha Chrome ndilo la mwisho linalokubali Windows 7. Wengi wetu tukajikakamua, tukapanda hadi Windows 10. Oktoba 14, 2025 ikawa zamu ya hiyo pia. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni, na mashine nyingi za mitumba hazitimizi masharti hayo. Tunaambiwa tununue nyingine, na wanaotuambia hivyo hawajui kodi ya chumba, umeme na karatasi hutubakishia nini mwisho wa mwezi.

Sipingi masasisho ya usalama. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu lililotumiwa na kirusi hicho tangu Machi mwaka huo. Walioathirika ni wale ambao hawakuwa wameiweka. Vivyo hivyo, vivinjari vilikuwa na haki kuzikataa plagini za zamani kama Java na Flash. Programu hizo zilikuwa na uwezo wa kuifikia kompyuta kwa undani kuliko ukurasa wa kawaida wa tovuti, na wahalifu walipitia matundu yake kwa miaka mingi. Chrome ilianza kuizima Java mwaka 2015, Firefox ikafanya hivyo Machi 2017, na Flash ikafungwa kabisa Januari 2021. Katika saiba, ambapo kompyuta moja hupokea nambari za vitambulisho na PIN za watu wengi kwa siku, ulinzi huo tunauhitaji kuliko mtu aliye na mashine yake nyumbani.

Malalamiko yangu ni kwamba gharama yote ya usalama huo imesukumwa kwa mtu wa mwisho, ilhali mwenye tovuti ndiye aliyepewa notisi mapema na ndiye mwenye wahandisi.

Tazama yaliyotokea Afrika Kusini. Adobe ilitangaza Julai 2017 kwamba Flash ingefikia kikomo mwishoni mwa 2020. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu ya kujiandaa. Hata hivyo, Januari 2021 mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, SARS, ilikuwa bado na fomu zilizojengwa kwa Flash, ikabidi itengeneze kivinjari chake yenyewe ili walipa kodi waweze kuzifungua. Dunia nzima ilikuwa inaondoa programu hiyo kwa sababu ya usalama, huku raia wakiombwa wasakinishe kitu cha pekee ili waendelee kuitumia.

Hapa Kenya tuna jambo linalofanana na hilo. Fomu za Excel za iTax, mfumo wa kodi wa intaneti, hutegemea makro, yaani amri zilizofichwa ndani ya faili, ili kukagua hesabu na kutengeneza faili la zip linalopakiwa kwenye tovuti. Tangu mwaka 2022 Microsoft huzizuia makro za faili lolote lililopakuliwa kutoka intaneti, kwa sababu walaghai wamekuwa wakizitumia kupenyeza virusi. Ukifungua fomu, mstari mwekundu unakuonya kuwa faili hilo si la kuaminika. Ili uendelee, unafungua sifa za faili na kuondoa kizuizi kwa mkono wako. Mwenye duka au mwenye malori mawili matatu anayewasilisha kodi ya mishahara (PAYE) kufikia tarehe 9 na ile ya ongezeko la thamani (VAT) kufikia tarehe 20 anafanya hivyo mwezi baada ya mwezi. Anazoea kwamba onyo jekundu ni la kupuuzwa. Siku tapeli atakapomtumia barua pepe yenye faili la Excel na maelekezo hayo hayo, atafuata bila kusita, kwa sababu huduma ya umma ndiyo iliyomzoesha.

Halafu kuna masasisho yanayokuja kwa nguvu. Windows ya kawaida hukuruhusu kuyaahirisha kwa wiki chache. Kuyakataa kabisa huwezi. Sasisho kubwa hula gigabaiti kadhaa za bando ambalo tumelipia sisi. Wiki ya mwisho ya Juni, watu wakiwa wamepanga foleni kabla ya tarehe 30, siku ya mwisho ya ritani, kompyuta inapoanza kujisasisha katikati ya fomu, mteja hupoteza kila alichojaza. Akichelewa ritani, faini ya mtu binafsi huanzia Sh2,000. Hakuna mahali pa kuandika kwamba kompyuta ilikuwa ikijisasisha.

Dereva mmoja aliingia kwangu akiwa njiani kuelekea mpakani, akihitaji stakabadhi kutoka ofisi moja ya umma. Tovuti ya ofisi hiyo ilikuwa imebadilishwa bila tangazo. Kwenye kompyuta zangu ikatoa ukurasa mweupe, bila hata neno moja la kueleza kosa. Tulipopiga nambari ya usaidizi, jibu likawa tutumie kivinjari kipya, kile ambacho mashine ile haiwezi kupokea. Tajiri wake alikuwa akimpigia simu aondoe lori. Akaondoka bila stakabadhi aliyoifuata.

Kinachouma zaidi ni kuona kwamba watu wengine wamesikilizwa. Microsoft imekubali kuendelea kutoa masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa watu binafsi hadi Oktoba 2026. Baada ya watetezi wa walaji wa Ulaya kupaza sauti, wakazi wa eneo la kiuchumi la bara hilo walipewa bila malipo. Kwingineko, mtu hulipa dola 30, au hukubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye seva za kampuni, au hutumia pointi za zawadi za kampuni hiyo hiyo. Mashine iliyotumika ofisini Ulaya ikauzwa Nakuru ina hatari ile ile ikiwa Salgaa. Sijasikia ofisi yoyote ya nchi hii ikidai tupewe masharti sawa na ya Ulaya.

Wapo wanaotushauri tuhamie Linux, ambayo haina malipo na huendesha kompyuta kuukuu vizuri. Ni ushauri mwema. Lakini kabla mwenye saiba hajahama, anahitaji kuhakikishiwa na kila ofisi kwamba fomu zake zitafunguka humo, na hakikisho hilo halijatolewa.

Kwa hivyo naomba haya. Kwanza, kila ofisi ya umma itangaze miezi sita kabla kwamba tovuti yake itaacha kukubali toleo fulani la kivinjari, na itangaze kwa redio na magazeti pia, kwa Kiswahili. Pili, fomu zinazotegemea makro ziondolewe, na kazi ya kukagua hesabu ifanyike kwenye tovuti yenyewe, kama inavyowezekana tayari kwa mwenye kipato cha mshahara pekee. Tatu, tovuti mpya zijaribiwe kwenye kompyuta za aina tulizo nazo kabla ya kufunguliwa kwa umma. Nne, vituo vya kidijitali 1,450 ambavyo serikali iliahidi, kimoja kwa kila wadi, viwe mahali ambapo raia na wenye saiba wanaweza kusasisha mashine zao bila kununua bando. Tano, Wizara ya Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali iwaendee watengenezaji wa programu na kudai Wakenya wapewe kile walichopewa Wazungu.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na vyombo vya utawala kwa haraka, kwa ufanisi na kwa haki. Serikali ikishafunga dirisha la karatasi na kubakisha la intaneti pekee, haki hiyo inapitia kwenye kompyuta ya saiba ya Salgaa. Ofisi inayoweka tarehe ya mwisho na faini ina wajibu wa kuhakikisha njia ya kuifikia iko wazi na ni salama, na tunataka wajibu huo utimizwe kabla ya msimu ujao wa ritani.


Mwenye saiba,
Salgaa, Kaunti ya Nakuru