Semina Si Posho

Wapo ndugu zetu makazini, katika bonde letu la Kilombero kuanzia Ifakara hadi Mlimba, ambao barua ya semina ikifika huanza kupiga hesabu ya posho. Wakirudi, cheti ukutani, makabrasha kabatini, na wenzao waliobaki wakiwafanyia kazi hawaambulii hata neno. Mungu atatuuliza! Makanisani tunasikia habari za mtumishi aliyefukia talanta ardhini, na misikitini nako hufundishwa kuwa elimu ni amana.

Wana Kilombero hatukunyimwa akili. Mwanasayansi Mswisi Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara Ifakara mwaka 1957, ile iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na mwaka 1961 kikafunguliwa kituo cha kufundishia wahudumu wa afya. Utafiti wa mbu pale hauendi bila wenyeji wanaofundishwa kuwakamata usiku, kutenganisha aina zao na kuandika saa na nyumba waliyowapata. Mmoja akiondoka, mwingine anasoma yaliyoandikwa na kuendelea. Mali bila daftari huisha bila habari.

Itazameni na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Fundi Mchina na kijana wetu hawakuelewana lugha, wakaelekezana kwa mikono, na reli ikapita. Leo mnazungumza Kiswahili kimoja, halafu fundi wa mashine ya kukoboa mpunga akitaka kuifungua humtuma msaidizi dukani asije akaona! Siku akishikwa na homa, magunia ya wakulima yanalala nje. Ujuzi hauzeeki, lakini mwenye ujuzi huzeeka. Nawe kijana unayeona haya kuuliza, mficha uchi hazai.

Na hili la harusi siwezi kulinyamazia. Kamati zetu zina mwenyekiti, mhasibu na daftari la michango lisilokosea shilingi. Asiyetoa hukumbushwa mpaka akome. Watu haohao, wenye bidii ya kupigiwa mfano, ofisini hawana hata daftari la kuandika mashine iliharibika nini na ilitengenezwaje!

Wakuu wa kazi, msilipe Kodi ya Kuendeleza Ufundi Stadi mkadhani mmemaliza. Anayerudi semina asimame mbele ya wenzake, afundishe, na aliyofundisha yaandikwe. Asiye na la kufundisha asipelekwe tena. Nafasi yake apewe kijana wa karakana ambaye jina lake halijawahi kuingia kwenye orodha.