Mcheza Kwao na Watunzaji Wake

Wahenga waliposema kuwa mcheza kwao hutunzwa, walichukulia kwamba watunzaji wanaijua ngoma yenyewe. Katika kazi za pamoja zinazofanywa kwenye intaneti, sharti hilo aghalabu husahaulika.

Mnamo mwaka wa 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandikia Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka wa 2003. Walioalikwa ni wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, na miongoni mwa tuzo mlikuwa na vipakatalishi. Makala yalimiminika. Mengi yalikuwa tafsiri kutoka Kiingereza, na baadhi ya tafsiri hizo zilinukia mashine. Shindano lilipokwisha mwaka wa 2010, washiriki wengi hawakurejea. Mzigo wa kusahihisha ukawaangukia wahariri wachache wa kujitolea.

Kuwalaumu wanafunzi hao ni kuwaonea. Waliahidiwa tuzo kwa kuandika. Hakuna aliyeahidiwa heshima kwa kubaki.

Tovuti ya Stack Overflow, iliyozinduliwa mwaka wa 2008 kwa ajili ya waandishi wa programu, ilifuata njia nyingine. Aliyejibu swali vyema alipewa alama na wenzake, alama ambazo hazikununua chochote dukani. Zilinunua dhamana. Kwa alama 15 mtu aliruhusiwa kuyapigia kura majibu ya wengine. Kwa 2,000 aliweza kuyahariri bila kungoja idhini. Kwa 3,000 alishiriki kura ya kuyafunga maswali yasiyofaa. Maelfu ya watu wakajisimamia pasipo mnyapara wa kuwagawia zamu. Utaratibu huo haukukosa ila (wakongwe wenye sifa huwa wakali kwa wageni, kama ilivyo katika kumbi zetu za ushairi), na mwaka wa 2018 kampuni hiyo yenyewe ilikiri kuwa wageni wengi hawakujihisi wamekaribishwa.

Chama cha Kiswahili kitakachotaka kuifufua kazi ile kisitoe zawadi kwa idadi ya makala. Mwanafunzi ambaye makala yake yamekubaliwa na wenzake apewe kwanza haki ya kupitia ya wengine. Tuzo, ikiwapo, imfikie baada ya muhula mzima. Wahadhiri wa tafsiri nao watoe alama kwa masahihisho pia, si kwa makala mapya pekee. Historia ya kila ukurasa wa Wikipedia huonyesha ni akaunti gani iliyobadilisha nini na lini, hivyo hawatahitaji kubahatisha.