Taa ya Injini Haijakuambia Ununue Sensa

Wanachuo wenzangu, hasa tulio kozi za ufundi na uhandisi, nina hoja moja ambayo najua itawaudhi baadhi yetu. Tunahitimu tukiwa hodari wa kukokotoa jibu la swali ambalo mtu mwingine ameshatuandikia. Tukipewa kitu kibovu, bila swali, tunafanya kile kile tunachomcheka fundi wa chini ya mwembe: tunabadilisha vipuri mpaka kipone, au mpaka pesa iishe.

Ushahidi wangu nimeutoa nyumbani, Kaliua, mkoani Tabora. Mjomba wangu ana Toyota Wish inayofanya kazi ya mchomoko, kubeba abiria kati ya mjini na vijijini. Injini yake ya 1ZZ ilipokufa, alichukua pesa ya msimu wa tumbaku, akaongezea mkopo wa kikoba, akaagiza injini ya mtumba kutoka Dar. Jina lile lile, 1ZZ. Ikafungwa, ikawaka shoti moja, watu wakapongezana. Siku ya pili taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Mashine ya kupimia ikasoma P0325.

Hizi namba mafundi wanaziita kodi (siyo ile ya TRA). Lugha yake siyo siri. Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari yote madogo mapya kuanzia 1996, na dunia ikafuata. P maana yake ni upande wa injini na gia. 0 ni kwamba namba hiyo ni ya pamoja, siyo ya kiwanda kimoja. 3 inakuelekeza kwenye mfumo wa cheche. Na 25 hapo inataja mzunguko wa noki sensa, yaani kile kidude kinachokaa kwenye bloku na kusikiliza kama injini inagonga.

Soma tena: mzunguko wa sensa. Haijasema sensa.

Gereji ya kwanza walisoma "sensa". Wakabadilisha. Wakafuta kodi, gari ikakaa kimya pale gereji, mjomba akalipa akaondoka. Alipopakia abiria na kukanyaga mafuta kwenye mchanga, taa ikarudi. Hiyo nayo ilikuwa taarifa, ila hakuna aliyeisikiliza: kompyuta ya gari, ile tunayoiita kontroli boksi, haitegemei kusikia mlio wa maana injini ikiwa sailensa. Inaisubiri sensa izungumze mizunguko ikipanda na mzigo ukiwepo. Ikabadilishwa sensa ya pili, kisha ya tatu. Mwisho akashauriwa azibe taa kwa utepe mweusi.

Utepe haurudishi nguvu. Kontroli boksi isipomsikia noki sensa, inajihami: inachelewesha cheche ili injini isijigonge ikaumia. Gari inakuwa nzito na inakunywa mafuta kama haina akili nzuri. Kwa mchomoko hiyo ndiyo faida yote ya siku imekwenda, na kikoba hakijui habari ya sensa. Kinataka rejesho lake.

Sisi watu wa Kaliua tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Stesheni yetu ndipo reli ya Mpanda inapoiacha Reli ya Kati, kilomita zipatazo 210 kwenda kusini. Abiria aliyeko Mpanda akiambiwa treni haijafika, hajaambiwa kwamba treni ni mbovu. Inawezekana imekwama Tabora, inawezekana inasubiri Kaliua, inawezekana njia imekatwa na maji. "Haijafika" ni taarifa ya anayesubiri. Kodi ya injini ni vivyo hivyo: ni kontroli boksi inasema, "mimi huku sijapata ninachokitarajia."

Aliyelimaliza ni fundi mmoja mzee ambaye hana cheti cha chuo chochote. Nilikuwa nimekaa pembeni na mita yangu. Akaniuliza kwa utani, "Injinia, mashine yako imesemaje?" Nikamjibu, "Imesema mzunguko, mzee wangu, haijasema sensa." Akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia mjomba na swali ambalo hakuna aliyelifikiria: "Ile injini ya zamani iko wapi?"

Ilikuwa uani, chini ya turubai. Tulipolinganisha, jibu likajileta lenyewe. Injini za 1ZZ za mwanzo zina noki sensa ya waya mmoja, inayokazwa kwa uzi wake ndani ya bloku. Za baadaye zina sensa bapa kama biskuti, yenye waya mbili, inayobanwa kwa nati kwenye stadi. Gari ilikuwa ya mwanzo, injini iliyokuja ni ya baadaye. Gereji ya kwanza walikata plagi, wakaunga waya mmoja, wa pili wakauacha ukining'inia. Na kila sensa waliyonunua ilikuwa bapa, kwa sababu walikuwa wanafananisha na ile iliyokuja na injini. Nikaipima: sensa bapa nzima ya Toyota inatakiwa kusoma kati ya kiloomu 120 na 280, na hii ilikuwa humo humo. Sensa tatu zimetupwa, zote nzima.

Stadi ikatolewa, sensa ya zamani ikakazwa mahali pake, plagi ikarudishiwa waya wake. Sensa ya nne haikununuliwa.

Sasa wako watakaosema, "Ndiyo maana tunahitaji wasomi, mafundi wa mtaani hawajui." Hapana. Aliyeuliza swali la maana ni fundi wa mtaani. Namba za mita nilikuwa nazo mimi, na bila swali lake zingebaki namba tu. Na sisi wasomi tuna utepe mweusi wetu. Mfumo wa matokeo ukionyesha somo halijakamilika, kesho yake tuko mlangoni kwa mhadhiri tunalalamika, kabla hata hatujauliza alama zilipotelea kituo gani: kwake, idarani, au kwenye usajili wetu wenyewe.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na nayaelekeza kwa serikali yetu ya wanafunzi iyapeleke kwa uongozi wa chuo.

Kwanza, kila anayetoka fildi aandike ukurasa mmoja juu ya kosa moja halisi: dalili ilikuwa nini, nini kilibadilishwa kabla dalili haijaanza, alipima nini, akakuta nini. Hiyo ipewe alama. Kitabu cha fildi chenye mihuri mitupu hakimfundishi mtu.

Pili, karakana ifunguliwe Jumamosi, tuwe na mita na mashine ya kusomea kodi za magari, tuharibu na kutengeneza wenyewe.

Tatu, mafundi wa mtaani waalikwe kama walimu, na walipwe. VETA tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Kama serikali imekubali kwamba ujuzi ule ni elimu, chuo kinaona aibu ya nini?

Utaratibu wenyewe ni mwepisi kuukumbuka. Kitu kikiharibika baada ya kubadilishwa kingine, anza na kilichobadilishwa. Usinunue chochote kabla hujapima. Na ukifuta kodi bila kugusa chanzo, umejinunulia muda tu, na muda huo kuna mtu mwingine anaulipia.