Chagua Jina, Usiliandike!

Likizo iliyopita nilimsaidia mama kazi ya ukarani katika kikundi chao cha wakulima wa viazi. Wanachama wanatoka Molo, Elburgon na Mau Narok. Magunia yote huandikwa katika Excel, kisha jedwali la pivoti hujumlisha. Juu yake kuna kichujio: ukichagua Molo, unaona hesabu ya Molo peke yake.

Siku hiyo kichujio kilionyesha Molo, nami nilitaka Elburgon. Kwa haraka zangu sikufungua orodha, nikaandika kwa mkono "Elbargon". Kompyuta ikaniambia kwa Kiingereza kwamba jina hilo halipo, ikauliza kama Molo sasa iitwe Elbargon. Nikakubali bila kusoma! Basi magunia ya Molo yakavaa jina la wenyewe. Watu wa Elburgon waliposomewa jumla, ilikuwa ndogo kuliko viazi walivyoleta. Wakamtazama mama kama mtu aliyekula pesa zao. Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Bahati njema, orodha ya asili haikuguswa. Pivoti hubadilisha jina lake yenyewe tu, wala kuisasisha hakurudishi jina la kwanza. Nilibofya pale pale, nikaandika Molo, mambo yakanyooka. Lakini je, ile aibu ya mama nitaifutaje?

Wapo watakaosema kosa lilikuwa langu, maana niliulizwa. Ni kweli, wala sikatai. Hata hivyo, hesabu ya watu wengi isitegemee macho ya mtu mmoja mwenye haraka. Mtu hafungi duka kwa kuwaomba wezi wasiingie, hutia kufuli.

Kwa hivyo naona tufanye mambo mawili. Kwanza, tubofye kile kishale kidogo kando ya kichujio na kuchagua jina katika orodha, tusiliandike kamwe. Pili, mwenye faili aifunge laha hiyo kwa nywila, akiruhusu pivoti kutumika. Hapo watu watachuja wapendavyo bila kuandika juu ya jina. Akitaka kusasisha, aifungue kwanza, kisha aifunge tena.

Walimu wetu wa kompyuta, tufundisheni haya mapema, kabla hatujapewa hesabu za watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.