Brashi Pia Ina Nafasi Kisangani

Kijana wa Kisangani anayetaka kujifunza mwenyewe mwandiko wa Kichina wa brashi asikatishwe tamaa na bei ya karatasi. Katika bustani za Beijing, wazee huandika chini kwa brashi na maji matupu. Maneno hukauka, mkono ukazoea. Saruji ya baraza yoyote katika mtaa wa Makiso inatosha.

Aanze na herufi 永, yong, yenye miondoko minane ya msingi, kuanzia nukta hadi kulabu. Brashi ishikwe wima.

Mwandiko si mgeni hapa. Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alipofanywa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, mwaka 1887, barua za Kiswahili mashariki mwa Kongo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Shule zirudishe somo la mwandiko, na brashi iwekwe kando ya kalamu.